Gereji, kaseti na mbalamwezi: shajara ya albamu yetu ya kwanza

Alhamisi, 15 Agosti 2024

Leo ziwa limefunguliwa. Tangu 15 Mei uvuvi Ziwa Tanganyika ulikuwa umesimamishwa ili samaki wazaliane, na kwa miezi hiyo mitatu shemeji yangu, ambaye ndiye mpiga ngoma wetu, alikuwa anashinda hapa gerejini kuliko kwake. Tumefanya mazoezi mpaka majirani wamezijua nyimbo. Leo mchana kapita na bodaboda, mfuko wa taa mapajani, kaniambia tu, "Shem, kazi imerudi," huyo Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi hapa Kigoma. Na hatujarekodi hata wimbo mmoja.

Naandika shajara hii kwa sababu mimi msahaulifu. Nikija kuulizwa mlio fulani ulitoka wapi, nataka niwe na jibu.

Tuko watatu. Mimi napiga gitaa, na kwa kukosa mwingine ndiye fundi wa kurekodi. Mdogo wangu wa kike anaimba. Shemeji ngoma. Besi hatuna wala hatuitafuti. The Gories, bendi ya Detroit huko Marekani, hawakuwa nayo na mambo yalikwenda. Tunapiga panki ya gereji: nyimbo fupi, kodi tatu, gitaa lililochafuliwa hadi halijijui. Hilo jina la gereji lilianzia Marekani, kwa vijana wa miaka ya 1960 waliokuwa wakifanyia mazoezi kwenye banda la gari la baba. Baba zetu hawakuwa na gari, sembuse banda. Sisi tuna gereji yenyewe, hapa Mwanga, ninapofanya kazi ya umeme wa magari: shimo la kumwagia oili, Noah mbili zisizo injini, na Mzee mwenye mali aliyetupa masharti mawili. Tusiguse gari la mteja, na adhana ikianza tunyamaze.

Jina la bendi hatuna. Kila tukikaa kulitafuta tunagombana.

Jumapili, 18 Agosti

Kesho mwezi unajaa, kwa hiyo shemeji yupo. Kwa asiyejua: dagaa wanavuliwa usiku kwa kufuata taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa ya mtumbwi haimshtui dagaa yeyote. Wavuvi wanapumzika karibu wiki nzima. Ziwa lilipofunguliwa Alhamisi watu walikuwa na njaa nalo, wakaingia hivyo hivyo na mwezi wao juu, wakarudi na kidogo. Kalenda ya albamu yetu basi ni ya mwezi. Tukiwa na bahati tunapata siku saba kila mara.

Leo tumewasha mashine. Ni Tascam Portastudio, mashine ya kurekodi kwa kaseti, treki nne, yaani njia nne za sauti zinazorekodiwa kila moja peke yake, niliyoinunua kwa mwalimu mstaafu wa kwaya aliyekuwa ameifunika kwa kitambaa cha mezani miaka na miaka. Kaseti ya kawaida ina treki mbili upande wa A na mbili upande wa B. Hii inazichukua zote nne kwa mwelekeo mmoja, upande wa B haupo tena. Halafu inauendesha utepe kwa kasi mara mbili, sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.75. Kaseti ya dakika 60 unabaki na dakika 15. Kwa nyimbo zetu zinatosha, hakuna inayofika dakika tatu.

Tatizo ni mkanda wa ndani unaozungushwa na mota. Nilipofungua nilikuta umeyeyuka, umegeuka lami, ukanishika vidole kama ubani wa kutafuna. Nikakata pete kwenye tyubu ya baiskeli. Imezunguka, ila inayumba. Nimerekodi noti moja kutoka kwenye simu, hezi 440 kamili, yaani mitetemo kwa sekunde, nikaisikiliza tena kwa programu ya kutyunia: 436, 445, 438. Mlevi anayeshuka mlima.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, si ndiyo lo-fai yenyewe hiyo?"

Hapana. Lo-fai ni mlio mchafu wa kusudi. Hapa gitaa la pili likilala juu ya gitaa lililoyumba hayapatani tena, na mwimbaji hajui amfuate nani. Mlio mchafu naupenda. Mashine mbovu naitengeneza, ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 21 Agosti

Mkanda umepatikana kwa fundi redio sokoni, umetoka kwenye redio kaseti iliyokufa. Shilingi 3,000. Nimesafisha vichwa kwa spiriti na pamba, pamba imetoka rangi ya chai. Noti ya 440 sasa inacheza kati ya 439 na 441. Imetosha. Shemeji keshaanza kuangalia juu kila jioni.

Jumapili, 1 Septemba

Mwezi hakuna, shemeji hakuna. Nimekaa na fazi.

Fazi ni kale kasanduku kanakokoroga gitaa. Saketi yenyewe ni ndogo mno, ileile ya Fuzz Face iliyotoka London mwaka 1966: transista mbili, kapasita tatu, rizista nne, poti mbili, betri ya volti 9. Kwa upande wetu huu wa Afrika fazi si mgeni. Ukishuka na ziwa mpaka kusini unakutana na Zambia, na kule miaka ya 1970 bendi ya WITCH na mwimbaji wao Jagari Chanda, na Paul Ngozi na kundi lake, walilipiga gitaa la fazi mpaka muziki ukapewa jina lake, Zamrock. Huwa nawaambia watu hivyo wanaponiuliza kwa nini napiga kelele za Wazungu.

Transista nimezitoa kwenye redio kuukuu. Ni za jemanium, zile za zamani zenye kofia ya bati. Asubuhi saa mbili zilipiga vizuri ajabu: mlio mnene, unaning'inia, ukiachia uzi unazama polepole. Saa nane mchana, chini ya bati hili la gereji, nikawasha tena nikakuta kitu kingine. Mlio unakatika katika kama redio yenye betri zinazokwisha. Nikakagua kila waya. Nikachomelea risasi upya pasipohitaji. Mwishowe nikagusa kofia ya transista kwa kidole ili nione kama inachemka, na palepale mlio ukabadilika chini ya kidole changu.

Ni joto. Jemanium ikipata joto inavujisha umeme, mahesabu yote ya saketi yanahama.

Alipita mtoto anauza lambalamba. Nikanunua moja ya mia, nikaifunga na mfuko wake, nikakilaza kisanduku juu yake. Dakika mbili hivi, mlio wa asubuhi ukarudi. Ukakaa mpaka lambalamba ilipokuwa maji. Mtoto alisimama pale muda wote, naamini hadi leo anasimulia kwao.

Uamuzi: gitaa la fazi linarekodiwa kabla ya saa nne asubuhi. Wimbo mmoja tu, ule wa pancha, utarekodiwa saa nane mchana kusudi, kwa sababu ule mlio unaokatika unafanana na habari yenyewe.

Jumanne, 17 Septemba

Wiki ya Maulidi, mwezi umejaa, shemeji yupo. Leo ngoma.

Vifaa: besi dramu na snea ni za bendi ya shule moja, tumeazima. Matoazi hatuna. Tumening'iniza wilikepu mbili na diski moja ya breki. Diski ya breki inalia kengele safi kabisa, safi kupita kiasi, shemeji anaigusa mara moja tu mwishoni mwa kila wimbo kama mwalimu anayefunga kipindi.

Maiki nzuri tunayo moja, na ngoma nzima lazima iingie humo. Nikaifunga kwenye ndoano ya winchi, ile ya mnyororo ya kunyanyulia injini. Hapo tulijipatia mashine ya kuchanganya sauti bila kujua. Ukivuta mnyororo maiki inapanda, wilikepu zinafunika kila kitu. Ukiishusha, besi dramu inakula wote. Shemeji anapiga, mimi nina hedifoni kichwani na mnyororo mkononi, kijino kwa kijino, kra, kra, kra, hadi vyote vikakaa mahali pake. Maiki ilisimama usawa wa paji la uso la shemeji. Nimepaka chaki kwenye kijino hicho.

The Kingsmen, bendi ya Portland huko Marekani, mwaka 1963 wakirekodi "Louie Louie", nao waliwekewa maiki juu karibu na dari, na mwimbaji wao Jack Ely ikabidi ainue kidevu na kupiga kelele kuelekea juu. Maneno hayakusikika. Watu wakazusha kwamba ni matusi, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakauchunguza wimbo zaidi ya miaka miwili, wakaishia kusema hawaelewi kinachoimbwa. Nilimsimulia mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Sasa yeye aliimba ili iweje?" Sikumjibu, nilikuwa na mnyororo.

Nyimbo nne za ngoma zimeingia. Jirani mwenye grenda ametuharibia mbili, ya tatu grenda imeingia kwenye kodi ileile ya wimbo, tumeiacha.

Alhamisi, 19 Septemba

Umeme umekatika saa tatu na haukurudi mchana kutwa. Sawa, hapa ni gereji, betri zimejaa. Mashine inakula volti 12, nikaiunga moja kwa moja kwenye betri ya gari, N70, iliyochajiwa jana. Ampu ya gitaa kupitia inveta, betri hiyohiyo. Kosa langu.

Kitu cha kwanza nilichokisikia ni ukimya. Ule mngurumo wa umeme wa ukutani, hezi 50, ambao tumeishi nao tangu mwanzo, haupo. Gitaa likasikika uchi. Shemeji akasema linasikika kama limenyolewa. Tulirekodi hivyohivyo, nyimbo tatu.

Leo jioni umeme umerudi, nimesikiliza kwa adapta. Wa kwanza mzuri. Wa pili mzuri. Wa tatu, ule wa nauli, umepanda nusu toni na unakimbia: tuliupiga dakika 2 na sekunde 10, sasa ni 2 na 3. Nikachukua testa nikapima betri: 10.4. Inveta ilikuwa inainyonya, mota ikawa inapunguza mwendo kidogo kidogo, sisi hatuna habari. Utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa mwendo wake wa kawaida lazima ukimbie.

Mdogo wangu kaukataa. Anasema sauti yake haifiki huko juu. Shemeji keshaondoka kulala, mwezi unaanza kupungua, hatuwezi kurudia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere. Gereji imefungwa, grenda limefungwa, mwezi unajaa Alhamisi. Siku nzima yetu. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi tumemaliza ngoma na gitaa zote zilizobaki: nyimbo tano.

Mmoja nauandikia hapa. Tulikuwa katikati mvua ikaanza, ya ghafla, zile za Oktoba. Maiki iko juu karibu na bati. Nilitaka kusimamisha, shemeji akatikisa kichwa, akaongeza nguvu ili ajisikie. Mvua ikazidi, naye akazidi. Mkono wa snea sikuuona tena. Beti la mwisho, mvua ikakatika kama imefungwa bomba, na shemeji bado anapiga ngoma ya kushindana na mvua isiyokuwapo. Sindano zote za mashine zililala upande wa kulia kwenye nyekundu. Kwa baa nane hivi inasikika kana kwamba gereji inabomolewa na mtu mmoja. Kisha akagundua, akashuka, akagusa diski ya breki: ting.

Tulirudia mara mbili bila mvua, vizuri, kwa mpangilio. Nimezifuta zote mbili.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sauti ya mwimbaji. Nilikuwa na wazo ninalojivunia: pipa tupu la lita 200, limelazwa, anaimba akiwa ameingiza kichwa. Mwangwi mzito wa chuma. Nyimbo sita kwa siku moja, na mdogo wangu katoka na nusu duara ya kutu shingoni.

Wimbo wa nauli kaupiga kelele mwanzo mwisho kwa kuwa kuuimba hawezi. Ndio bora kuliko zote. Kiitikio ni maneno mawili tu, "Chenji yangu!", na kila safari yanatoka kwa hasira mpya. Jana konda alimrudishia pungufu, nadhani hilo limesaidia.

Jumapili, 3 Novemba

Siku mbaya. Treki nne hazitoshi kwa ngoma, gitaa mbili, sauti na sauti ya pili, kwa hiyo unachanganya tatu za kwanza unazihamishia ya nne, halafu unaandika upya juu ya zile tatu. Ukishaandika hakuna kurudi. Nimefuta gitaa la pili la wimbo wa pancha kabla ya kulihamisha. Lile la saa nane mchana, la mlio unaokatika. Nimejaribu kulirudia leo lakini kumekucha na mawingu, baridi, fazi inalia vizuri mno. Nimeiweka juu ya injini ya gari lililotoka kuzunguka, dakika kumi, ikakubali. Si ileile.

Jioni Mzee alikaa na sisi, akasikiliza nyimbo tatu akiwa ameshika kikombe cha kahawa. Ujana wake ni wa dansi, enzi za bendi kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, wote chumba kimoja kwa wakati mmoja, akikosea wa tarumbeta mnaanza upya. Nilitegemea atalalamikia fazi. Hakuigusa.

"Hilo gitaa linalia kama trekta, sawa, trekta nalijua. Huyu mtoto anasema nini?"

Nikamwambia anaimba habari za kulala stendi.

"Wewe unajua kwa sababu mlikaa wote mkaandika. Mimi nimesikia mtu amekwama kwenye pipa."

Mdogo wangu akaniangalia. Lile swali lake la Septemba, la Jack Ely, sikuwahi kulijibu.

Nimelala nalo. Huko walikoanzia muziki huu maneno yakizama hakuna hasara kubwa, kelele yenyewe ndiyo habari. Hapa mtu akisikia wimbo, kitu cha kwanza anachokuuliza ni "anasemaje?" Mama ntilie, dereva, yeyote. Dansi lote liliishi kwa hilo, taarabu ndiyo usiseme. Mimi nimechukua uchafu wa watu wengine nikaumwaga hata mahali ambapo wasikilizaji wangu wanakaa.

Sauti zote sita za pipa zinarudiwa, isipokuwa nauli. Ile inasikika hata ndani ya pipa.

Jumamosi, 9 Novemba

Tunahitaji mahali pakavu pasipo mwangwi. Zile Noah hazina vioo. Gereji nzima kitu kimoja tu kina ukimya, Prado ya mteja iliyokuja kubadilishwa waya: viti vya kitambaa, zulia, milango mizito. Nilikuwa naiangalia bila kusema. Mzee akanitupia ufunguo. "Asivae viatu," akasema, akaenda kuswali.

Mdogo wangu kaimba kiti cha nyuma, maiki imefungwa kwenye kiegemeo cha kichwa, waya umepita kwenye upenyo wa dirisha uliozibwa na taulo. Dakika kumi na tano ndani anatoka kama ametoka kuogelea, anapumua, anarudi. Sauti imetoka kavu, karibu, kila silabi ipo. Nimeilaza juu ya lile trekta la gitaa. Mara ya kwanza ilinishtua, kama mtu amekuongelea sikioni katikati ya sherehe.

Jumapili, 24 Novemba

Kampeni za serikali za mitaa, uchaguzi Jumatano. Spika zote za kukodi mji huu ziko juu ya magari, na zote zinapita mbele ya gereji. Nilitaka kusikiliza miksi kwenye spika kubwa, nimeikosa. Nimesikilizia redio ya bodaboda, ambako ndiko itakakosikilizwa kweli. Gitaa limeshushwa kidogo nyimbo mbili. Sauti sikuigusa.

Nyimbo kumi. Dakika 22 na sekunde 40. Ule wa mvua unafungua, nauli ya tatu.

Jumapili, 1 Desemba

Kaseti tumetengeneza tano, za kumbukumbu, moja ya mwalimu wa kwaya. Nyingine ni memori kadi za simu na flashi. Vijana wawili wenye vibanda vya kuchomea nyimbo wamekubali kuziweka kwenye kompyuta zao. Kuna ndugu watatu wa Detroit, bendi ya Death, waliorekodi mwaka 1975 na albamu ikatoka 2009. Mdogo wangu kasema yeye hawezi kusubiri hivyo, ana mambo yake.

Mwezi leo haupo kabisa, giza totoro, shemeji yuko ziwani tangu juzi. Nilimpa kadi na redio ndogo. Asubuhi hii kapiga simu kutoka mwaloni, nyuma yake kelele za watu wanaopima dagaa. Anasema mtumbwi wa jirani walimuuliza kama jenereta yake ina tatizo. Ilipofika ya tatu wakanyamaza. Ikapita. Wakamwambia arudishe. Mara ya nne, anasema, taa zinawaka, nyavu ziko chini, mitumbwi miwili pale gizani watu wazima wanapiga kelele "Chenji yangu!" na dagaa wakakimbia.

Anataka kadi nyingine, huo wimbo peke yake. Ile ya kwanza kaazima mtu.